Raketi ya Upande Mmoja

Majina ninayo yote. Naweza kukutajia kila mwanamke aliyecheza ngoma ya kilumi kwenye uwanja wa mama mkwe wangu, na mama yake, na mume wake, na nikikaa vizuri hata rangi ya ng'ombe aliyetolewa mahari. Hapa sitaandika hata jina moja. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyemtangulia, kwa hivyo ukiita mmoja wanageuka wawili, na mmoja wao humwoni. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Binti yangu wa kwanza alipewa jina la mama mkwe, vile inavyotakiwa. Tangu azaliwe nilimwita mama mkwe, na yeye alipojua kuongea akaanza kuniita mke wa mwanangu. Huo ni utani wa kawaida, kila nyumba huku Mitaboni iko nao. Akitaka chai anasema, "Mke wa mwanangu, leo nyumba hii haina moto?" Namjibu, "Naja, mama mkwe, usinifukuze." Mume wangu alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Alipokufa yeye, tuliendelea na utani wetu wawili, ingawa haukuwa na mtu wa kuuchekea.

Mama mkwe mwenyewe alituacha binti yangu akiwa bado anatambaa. Alikuwa mpigaji wa kilumi, ile ngoma ya wanawake ya kuomba mvua na kuwatuliza aimu, wazee wetu waliokufa. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekunjika. Aliungua na uji akiwa mtoto, vikakauka hivyo. Kwa hivyo ngoma yake haikulia kama ya wengine. Kiganja kinagonga, halafu vifundo vya vile vidole vinafuata nyuma kidogo. Tu, ka-tu. Tu, ka-tu. Ukiwa kule chini mtoni ukiisikia ulijua ni nani, huulizi.

Wiki yake ya mwisho aliniita karibu na kitanda akaniambia ngoma ni ya yule aliye na jina lake. "Mkono wake ukiwa tayari, umpe." Nikasema ndiyo, nitampa. Lakini mwaka ule nilikuwa nimeokoka, na kanisani tuliambiwa vitu vya kilumi vichomwe. Niliogopa kuichoma. Niliogopa pia kumpa mtoto. Nikaiingiza ghalani nyuma ya magunia ya kunde, na wale wanawake wa kilumi walipokuja kuiulizia nikawaambia imeliwa na mchwa. Mmoja wao, jirani yangu wa ng'ambo ya korongo, aliniangalia miguu kwa muda mrefu kama anayetafuta vumbi la mchwa hapo. Kisha wakaenda zao.

Miaka ilipita, na ile ya elfu mbili ilipoanza binti yangu alikuwa akishona suruali kwenye kiwanda kimoja Athi River. Kazi ya kibarua. Kazi ikipungua, orodha inabandikwa getini asubuhi, na asiyeona jina lake anageuza kurudi. Alikuwa ameondolewa hivyo mara mbili. Lakini mkubwa wa kiwanda, mtu aliyetoka nchi za mbali, alipenda mpira wa meza kuliko chakula. Meza ilikuwa pale wanapokulia, na viwanda vilikuwa vikishindana kila mwaka, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Wanawake waliokuwa kwenye timu, majina yao hayakuguswa. Hilo halikuandikwa popote, lakini kila mtu alilijua. Binti yangu alijifunza mchezo huo kwa saa ya chakula, akiacha chakula, mpaka akaingia kwenye timu. Kwa mara ya kwanza akalipa nyumba bila kuangalia nyuma.

Kisha siku moja ya Jumatano nikamwona anapanda mlima wetu saa nane mchana, mkono umefungwa bendeji. Alikuwa ameteleza kwenye mashine, sindano ikapita vidole.

"Vidole gani?" nikamwuliza.

"Viwili tu, mama. Si mkono wote."

"Nakuuliza ni vidole gani."

Akanionyesha. Viwili vya mwisho, mkono wa kulia. Nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Mashindano yalikuwa yamebakisha wiki sita. Msimamizi wake, mwanamke ambaye hakuwa mbaya, alimwambia wazi: ukicheza jina linabaki, usipocheza sina la kusema. Bendeji ilipotolewa vidole vilikuwa vimepona nje, lakini ndani vilikataa. Havikunyooka na havikufunga. Vilikaa vimekunjika kidogo kama vya mtu anayebeba kitu kidogo asichotaka uone.

Aling'oa mlango wa stoo akaulaza juu ya mapipa mawili ya maji, akafunga kipande cha gunia katikati kuwa wavu. Mimi ndiye niliyesimama upande wa pili, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alikuwa na raketi mbili za kiwanda. Nilipewa moja nikaishika nilivyojua.

"Mama, unasonga ugali?"

"Kampira kakija nakarudisha. Unataka nini tena?"

"Basi usikageuze mara mbili, kataungua."

Tulicheka. Lakini yeye hakuweza. Alishika raketi vile wanavyoshika wengi, kama mtu anayesalimiana, mpini ndani ya kiganja na vidole vyote vimeuzunguka. Vile viwili havikuuzunguka. Kampira kakigonga kwa nguvu, raketi inajigeuza mkononi na kuanguka chini. Aliifunga na mpira wa baiskeli, ikaanguka. Siku ya nne aliiweka juu ya mlango akaketi kwenye jiwe, na sikumwona akilia, niliona tu mabega.

Kesho yake alisema, "Mkubwa wetu huishika tofauti. Kama kalamu." Akanionyesha: mpini umeinama chini, kidole gumba na cha kwanza vinaubana kwa mbele, vile vingine vitatu vinakaa nyuma ya ubao. Nyuma hapo hapakuhitaji kidole kufunga wala kunyooka. Palihitaji kidole kilichokunjika. Akaanzisha mchezo, nikarudisha, akarudisha tena. Raketi haikuanguka.

Mimi ndiye niliyeangusha yangu. Kila alipopiga, kampira kalilia mbele ya ubao, halafu vifundo vya vile vidole viwili vikagonga mbao kwa nyuma, vikichelewa kidogo. Tu, ka-tu.

"Nini sasa?" akaniuliza.

"Jua," nikasema. "Limenipiga."

Raketi za kiwanda hazikumfaa kwa mshiko huo. Mpini ulikuwa mrefu ukamchoma kwenye kiganja, na raba ya nyuma ilivishika vidole visiteleze. Tukaenda Machakos mjini siku ya soko, kwa mzee mmoja aliyeuza vitu vya mitumba vya michezo, viatu vya mpira, glavu, na sanduku moja la raketi zilizotupwa humo kama miiko ya harusi. Binti yangu alitoa tatu. Ya kwanza ilikuwa nzito mbele, akaizungusha mara mbili akairudisha. Ya pili ilikuwa na raba nene yenye sponji chini yake, kampira kakiangukia kanaruka kama panzi.

"Hii ni nzuri, dada," muuzaji akasema. "Hii hata ukilala inacheza yenyewe."

"Sitaki ya kucheza yenyewe. Inakimbia kabla sijaiambia."

Ya tatu ilikuwa na mpini mfupi kama wa mwiko uliovunjika, raba nyekundu upande mmoja, na upande wa pili mbao tupu.

"Hiyo wachana nayo," muuzaji akasema. "Imebanduka upande mmoja, nilikuwa nataka kumpa mtoto achezee."

Binti yangu akaishika kama kalamu, vidole nyuma kwenye ile mbao, akadundisha kampira juu yake polepole, huku ameinamisha kichwa kusikiliza. Alidundisha mara nyingi kuliko zile nyingine. Mwanamke aliyekuwa akichagua viatu karibu nasi aliinua uso, mama mzima wa rika langu, akaangalia huku na huku kama aliyeitwa.

"Ni hii," binti yangu akasema. "Haikubanduka. Ilitengenezwa hivi, ni ya mshiko huu."

Njiani kurudi nilimwuliza alijuaje. Akasema uzito wake ulikaa vizuri na mpini haukumchoma. Kisha akasema, "Na sauti yake, mama. Zile nyingine zilikuwa zinaongea na mtu mwingine."

Pale kidole gumba kilipobana ubao palikuwa na ukingo mkali uliomkata. Nilichukua kipande cha chupa nikakwangua ile kona, vile tunavyolainisha mpini wa jembe. Nilikwangua kidogo, akashika, nikakwangua tena. Mara ya tatu nilikwangua bila kumwuliza, kwa sababu nilijua mkono unavyokaa. Nilikuwa nimeusugua mafuta mkono kama ule miaka mingi, mama mkwe alipokuwa mzee na baridi ikimuuma vifundo. Alipoishika akasema, "Umepataje kipimo?" Nikasema nimebahatisha.

Tukafanya mazoezi kila alasiri, wakati wa joto ambapo hata upepo umelala. Kuku wetu waliacha kuchakura tukianza. Walisimama chini ya mlimao, shingo ndefu, wote wakiangalia upande mmoja, na si upande wa meza. Waliangalia ghala.

Wiki ya tatu yule jirani yangu wa ng'ambo ya korongo akaja. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alisimama kwenye ua wa minyaa na fimbo yake, hakubisha hodi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, kidogo kidogo, kama ya mwanamke aliye kwenye kilumi kabla hajaingia uwanjani. Binti yangu akapiga kampira, nako kakaja kwangu sikukaona. Kakaenda.

"Mwaitu," jirani akamwita binti yangu kwa heshima, neno la kumwitia mama yako, akaongeza jina. Jina ni lake, sawa. Lakini alilitaja vile walivyolitaja kwa yule mwingine.

"Naam, nyanya," binti yangu akaitika. "Karibu, tunacheza mpira tu."

"Nasikia. Siku hizi mnapiga hadi siku za kazi."

"Siku za kazi, na siku gani tena?" nikamwuliza.

Akanigeuzia yale macho. "Si kila Jumapili mkiwa kanisani huwa tunaisikia? Mchwa wenu wanapiga vizuri."

Binti yangu alicheka akidhani ni maneno ya uzee. Nilimsindikiza jirani hadi njiani, na huko akanishika mkono. "Usimzuie aliyefika," akasema. "Na usimcheleweshee anachodai. Akichoka kungoja atavikunja hata vidole vilivyobaki."

Nitasema nilichofanya, ingawa si kizuri. Zilikuwa zimebaki siku nne. Binti yangu alienda kuchota maji, nami nikaichukua ile raketi nikaificha. Nilifikiri bila raketi hakuna mshiko, na bila mshiko hakuna mama mkwe. Maishani mwangu nilikuwa na mahali pamoja tu pa kuficha kitu. Nikaingia ghalani, nikanyoosha mkono nyuma ya magunia bila kuangalia, nikaiweka juu ya kitu nilichojua ni nini.

Alitafuta mpaka chini ya vitanda. Kisha akachukua raketi ya kiwanda akaishika kama zamani. Ikaanguka. Akaokota, ikaanguka. Aliendelea hivyo alasiri mbili, nami niko upande wa pili nasubiri kampira, nako hakakuja. Siku ya pili jioni jua likiwa bado juu aliniambia ameamua atabaki nyumbani asiende kabisa, asiaibishe timu. "Wataniondoa, mama. Ni sawa. Nitasuka vyondo na wewe." Alisema polepole sana. Nilimwona akiangalia mkono wake kama mtu anayeangalia mgeni asiyeondoka.

Nikaenda ghalani. Mlangoni nikasikia. Tu. Kimya. Ka-tu. Nilisimama hapo mpaka nikaona gunia la chini limetobolewa na panya, na kunde zinadondoka mojamoja juu ya ngozi ya ngoma na juu ya mbao ya raketi, zinapokezana. Panya na kunde. Nilijiambia hivyo kwa sauti. Nikachukua raketi, na mkono wangu ukiwa bado juu ya ngozi ile, ambayo baada ya miaka hiyo yote ilipaswa kuwa baridi na kulegea, nikaikuta imekaza na ina joto.

Nilimpa raketi. Nilimwambia niliificha kwa sababu ya mdomo wa yule jirani. Ngoma sikuitaja. Alinitazama sana kisha akasema, "Mke wa mwanangu, wewe ni mwoga sana." Sikujua kama nicheke.

Mashindano yalikuwa Athi River, kwenye ukumbi mmoja, familia ziliruhusiwa. Nilikaa kwenye benchi la mbele na kiondo changu. Mpinzani wake alikuwa msichana mrefu wa kiwanda kingine, mwepesi kama swala, na hakumaliza dakika tano kabla ya kugundua ugonjwa wa ule mshiko: upande wa kushoto. Ukishika kama kalamu, mkono wa kulia unakuwa moto, lakini kampira kakija kushoto mkono unajikunja kama mbawa iliyovunjika. Akampelekea kushoto, kushoto, kushoto. Seti ya kwanza ikaenda. Nyuma yangu nikasikia mmoja wa kiwanda cha binti yangu akisema, "Basi, huyo kesho getini asitafute jina." Mwingine akasema, "Na hiyo raketi ni ya wapi, imevuliwa nguo?"

Binti yangu alikuwa akinyoosha vidole vyake, vile vitatu vizuri. Niliona vinanyooka kwa shida. Nikakumbuka maneno ya jirani, na pale kwenye benchi, katikati ya kelele za watu, nikamwambia marehemu moyoni: ngoma iko. Mchwa hawakula. Nilidanganya. Mwache mtoto abaki na kazi yake, nitampa.

Sikuwa nimepanga kugonga. Kiganja changu kilikuwa juu ya benchi, kikagonga mbao. Tu, ka-tu. Hakuna aliyegeuka, kulikuwa na kelele nyingi. Yeye tu ndiye aliyegeuka. Msichana mrefu akampelekea kushoto tena, na badala ya kukunja mkono binti yangu akasogeza miguu. Hatua ndogo, za haraka, za kukanyaga mahali pale pale, mabega yakiwa yametulia. Akazunguka kampira mpaka kakawa upande wake wa kulia, akapiga. Tena. Tena. Sijawahi kumfundisha hatua zile za kilumi. Hakuna aliyemfundisha, waliozijua walikuwa wanne na ninajua walikozikwa watatu.

Alishinda. Asubuhi iliyofuata jina lake lilikuwa kwenye orodha, na lilikaa hapo miaka saba.

Jumamosi alipokuja nyumbani nilimpeleka ghalani, nikavuta magunia, nikamwonyesha. Nilimwambia yote, na nyanya yake alivyosema kabla ya kufa. Nilingoja anikasirikie. Yeye akacheka.

"Mama, hii naijua tangu nikiwa darasa la kwanza. Niliipiga siku moja mkiwa kanisani."

Nilihisi mzigo wa miaka ukishuka. Kumbe ni mtoto tu. Kumbe ndiye ambaye jirani alikuwa akimsikia. "Kila Jumapili," nikasema, nikicheka pia.

"Hapana. Mara moja tu. Ilinitisha, sikurudi tena."

Alienda na ngoma Athi River kwenye gari la mboga, imefunikwa na blanketi. Aliiweka kwenye chumba chake cha kupanga, na juu yake akawa anaweka raketi. Ghala langu likabaki na kunde.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na mafua, sikwenda kanisani. Nilikaa mlangoni peke yangu na ungo mapajani, nachambua kunde, natoa mawe, nikisikia kwa mbali wanavyoimba. Sikusikia kitu kingine. Nilisikiliza sana makusudi, na ghala lilikuwa kimya kabisa.

Jumatatu, nikiwa tena mlangoni na ungo, jirani akapita njiani na fimbo yake. Nikamwamkia, nikamwambia kwa furaha kwamba ngoma imeshakwenda kwa mwenyewe, nimetimiza.

"Vizuri," akasema. "Lakini jana imepigwa vizuri kuliko siku zote."

"Jana nilikuwa hapa mimi peke yangu. Nilikuwa na ungo tu."

Aliangalia mikono yangu, vile alivyoangalia miguu yangu siku ile ya mchwa. Nikaangalia pia. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa ungo, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja chini yake.